Maswali na Majibu: Kinywe Ndani ya Betri za Lithiamu

Swali (mvuvi wa dagaa, Kibirizi, Kigoma): Betri ya lithiamu ya taa zangu za kuvulia ilikuwa ikikesha nami hadi asubuhi, sasa taa zinafifia kabla ya alfajiri. Nguvu yake imekwenda wapi?

Jibu: Ndugu mvuvi, upande hasi wa betri yako una chembe za kinywe, yale madini meusi ya kwenye penseli, yaliyopangika tabaka kwa tabaka mithili ya kurasa za kitabu. Unapochaji, ioni za lithiamu, yaani atomu zake zenye chaji ya umeme, hujipenyeza kati ya kurasa hizo, na taa zinapowaka hutoka. Tangu chaji ya kwanza, kimiminika kilichomo humenyuka na uso wa kinywe na kuacha utando mwembamba, ambao sharti uwepo kwa kuwa ndio unaokilinda. Lakini kila unapopasuka hujengwa upya, na ujenzi huo hula lithiamu isiyorudi tena. Joto huharakisha jambo hili, hivyo betri iliyojazwa chaji kisha ikaachwa juani mtumbwini mchana kutwa huzeeka mapema. Ndiyo sababu watengenezaji huzivika chembe hizo ngozi ya kaboni itokanayo na lami iliyochomwa pasipo hewa, ili utando utulie. Kwa maoni yangu, kazi kubwa ya kuboresha kinywe iko kwenye ngozi hiyo.

Swali (mwanafunzi, Kasulu): Kwa nini kinywe kisiachwe, itumike silikoni, ile elementi ipatikanayo mchangani?

Jibu: Swali lako lina msingi. Atomu 6 za kaboni hushika lithiamu 1 tu, hivyo gramu moja ya kinywe haihifadhi zaidi ya miliampia-saa 372 (kipimo cha kiasi cha chaji), ilhali silikoni hupita 3,500. Lakini kinywe kikijaa hutanuka kwa takribani asilimia 10, na silikoni hufikia karibu mara 4 ya ukubwa wake wa awali, ikapasukapasuka na kuuchana utando ule niliomweleza mvuvi. Kwa hiyo huchanganywa kidogo tu ndani ya kinywe.

Swali (msomaji, Ujiji): Kinywe cha Mahenge kinaweza kutiwa kwenye betri kama kilivyochimbwa?

Jibu: La. Husafishwa hadi takribani asilimia 99.95, na magamba yake huviringwa. Sugua ncha ya penseli kwenye kidole: weusi unaong'aa ni magamba yaliyolala bapa. Yakilala hivyo ndani ya betri, lithiamu, ambayo huingilia pembeni mwa kurasa, hulazimika kuzunguka njia ndefu. Sehemu kubwa ya kinywe hugeuka vumbi katika kuviringwa huko, na natamani sana wanakemia wetu walitafutie vumbi hilo njia ya kurudi ndani ya betri.