Steringi Hafi, Lakini Ziwa Je?

Kibanda kimoja cha kuonyesha picha za video, mtaa wa Mwanga hapa Kigoma, kimetangaza kwamba mwezi huu ni wa maangamizi: Jumatatu jiwe kutoka angani, Jumatano barafu, Ijumaa dunia kupasuka. Nimeingia mara mbili, nikakaa benchi la nyuma chini ya feni isiyozunguka. Maswali ya wasomaji safari hii karibu yote yametoka humo.

Shikamoo mjomba. Baba watoto aliwapeleka wanangu kuona picha ambayo wimbi linapanda mpaka juu ya milima. Tangu siku ile mdogo hataki kusogelea ziwa, hata nikimtuma dagaa mwaloni anagoma. Hivi Tanganyika inaweza kuleta wimbi kama lile? (Mama wa watatu, Kibirizi)

Marahaba. Lile la kupanda milima mirefu kuliko yote, hapana. Hata uyakusanye maji ya bahari zote, hayafiki huko. Lakini usimwambie mtoto kwamba ziwa letu ni beseni, maana akikua atajua ulimdanganya. Tanganyika ni ufa uliojaa maji. Limekaa kwenye mkono wa magharibi wa Bonde la Ufa, na penye kina kikubwa linafika kama mita 1,470. Tarehe 5 Desemba 2005 tetemeko la ukubwa wa 6.8 lilipiga humu humu ziwani na kubomoa nyumba upande wa Kalemie, kule Kongo. Wengi wa rika langu wanakumbuka walikuwa wapi siku hiyo.

Wimbi la hatari hutokea sakafu ya ziwa inapopanda au kushuka ghafla, au kipande cha mlima kinapoporomokea majini. Mwaka 563 mlima uliporomoka karibu na Ziwa Geneva kule Ulaya, na wimbi lake likaua watu ufukweni. Kwa hiyo somo la mtoto ni fupi: ukiwa mwaloni ardhi ikatikisika mpaka kusimama ni shida, usingoje kuona maji yanafanya nini. Panda kilima. Na kwa vilima, Kigoma hatudaiwi.

Mimi picha hizi nazipenda, ila nina ugomvi nazo mmoja, nao ni wa saa. Ufa huu tuliokalia unapanuka milimita chache kwa mwaka, kucha zako zinaikimbia mbali. Hakuna atakayelipa kiingilio kutazama milimita chache, basi mtengenezaji anachukua miaka milioni na kuibana ndani ya saa mbili. Janga halisi la ziwa letu ninyi wa Kibirizi mnalijua kuliko mimi. Miaka ya karibuni maji yamepanda kidogo kidogo, leo yamegusa mti, mwezi ujao kizingiti, mpaka watu wakahamisha vitanda. Ziwa lina mlango mmoja tu wa kutolea maji, mto Lukuga upande wa Kongo, na mvua zikizidi mlango ule ni mwembamba. Kwenye miaka ya 1870 ulikuwa umezibwa na matope na majani, ziwa likajaa weee, mwisho likauzibua lenyewe. Picha ya jambo hilo haitauza hata tiketi kumi, kwa sababu hakuna siku moja ambayo steringi, yule shujaa wa picha, angeanza kukimbia.

Mpeleke mdogo ziwani asubuhi kukiwa shwari, mkono kwa mkono. Na baba watoto mwambie kuna picha za katuni.

Mjomba, kwa nini kila likija jiwe steringi lazima aende mwenyewe na bomu, halafu amuage mkewe kwenye simu? Hawawezi kulipiga likiwa mbali? Na lisipopigwa likaangukia Ujiji? (Kijana wa Ujiji)

Wanaweza, na wameshajaribu. Tarehe 26 Septemba 2022 NASA, shirika la anga la Marekani, walikigongesha chombo kisicho na mtu kwenye jiwe liitwalo Dimorphos, lenye upana wa kama mita 160, likiwa umbali wa kilomita milioni 11 hivi kutoka kwetu. Halikuwa linatujia, walilichagua kwa majaribio. Jiwe lile huzunguka jiwe kubwa zaidi, na mzunguko mmoja ulikuwa ukichukua saa 11 na dakika 55. Baada ya kugongwa, zikapungua dakika zipatazo 32. Bila bomu na bila kumuaga mke.

Hapo napo ugomvi wangu wa saa unarudi. Jiwe ukilisukuma kidogo miaka mingi kabla, linapita pembeni lenyewe. Ukisubiri mpaka linaonekana kwa macho juu ya Ujiji, bomu lako huenda likakugawia tu mawe mengi badala ya moja. Ndiyo maana kazi kubwa ya wataalamu ni kukesha na darubini wakihesabu mawe, kazi isiyo na muziki wa kutisha.

Kuangukiwa tumeshaangukiwa, si Ujiji lakini. Nenda Mbozi, mkoa wa Songwe, ukaone kimondo cha chuma cha tani zipatazo 16. Na mwaka 2013, mjini Chelyabinsk nchini Urusi, jiwe la mita 20 hivi lilipasuka angani. Watu waliona mwanga mkali, wakakimbilia madirishani kutazama. Kishindo kikafika baadaye kidogo na kuvunja vioo, na watu kama 1,500 wakaumia, wengi kwa vioo hivyo. Ukiona mwanga wa ajabu juu ya Ujiji, rudi nyuma ya ukuta. Simu ya kurekodi iache.

Ndugu mwandishi, katika picha ya dunia kupasuka, DJ anayetutafsiria kibandani alisema jua limetema wadudu wa moto wanaotafuna tumbo la dunia. Ni tafsiri au alitunga? (Mwalimu, Kasulu)

Alitunga, mwalimu, na utunzi wake ni bora kuliko wa wenye picha. Kwenye Kiingereza mtaalamu anasema nyutrino, yaani chembe ndogo mno kutoka kwenye jua, zimebadilika ghafla na kuanza kuichemsha dunia kutoka ndani. Nyutrino zipo kweli. Mabilioni yanapita kwenye ukucha wa kidole gumba chako kila sekunde, na chai uliyoishika haipati joto hata chembe, kwa sababu karibu zote hupita bila kugusa kitu. Kwa hiyo kati ya uongo wa picha na uongo wa DJ nachukua wa DJ, angalau mdudu anaeleweka. Yule yule ndiye aliyesema rubani wa Marekani ni mtoto wa Buhigwe, kibanda kizima kikampigia makofi.

Kwa nini mlipuko wa huko angani unasikika, wakati tuliambiwa shuleni hakuna hewa? (Hakutaja alipo)

Kwa sababu spika zimeshanunuliwa. Shule ilisema kweli.

Mjomba, nilikwenda Dar kwa shemeji, akanipeleka sinema kubwa ya miwani. Jiwe lilipokuja nikainama, watu wakacheka. Nikatoka kichwa kinauma na kifua kinadunda. Ni ushamba? (Dada wa Gungu)

Kuinama ndiyo thamani ya tiketi, waliocheka walipoteza hela zao. Kichwa kina sababu yake. Kila jicho linaonyeshwa picha yake, ubongo unaziunganisha, na jiwe linaonekana liko puani. Macho yanageuka kulifuata hapo puani, lakini ili lionekane vizuri yanatakiwa kulenga kitambaa kilicho mbali kule mbele. Mvutano huo kwa saa mbili unachosha. Safari ijayo kaa katikati, siti za nyuma, na vua miwani mara moja moja. Kama kila picha ya aina hiyo inakuumiza, kapime macho, huenda jicho moja ni dhaifu na hujawahi kujua.

Kifua ni besi nzito, zile unazozisikia mwilini zaidi kuliko masikioni. Mchezo huo si mpya. Mwaka 1974 Wamarekani walifunga spika maalumu kwenye majumba ya sinema kwa ajili ya picha ya tetemeko, ili viti vitikisike. Sisi wa Bonde la Ufa tungewauzia bure.

Dunia ikifurika, safina yetu si meli ya Liemba? (Mzee wa bandarini)

Shikamoo mzee. Imeundwa Ujerumani mwaka 1913, ikafunguliwa vipande vipande, ikaletwa Kigoma na kuungwa upya, ikashushwa majini 1915. Mwaka uliofuata Wajerumani wenyewe wakaizamisha isichukuliwe na adui, huku mashine wamezipaka grisi. Waingereza wakaiibua 1924, na 1927 ikarudi kubeba abiria. Kuzamishwa, kuibuliwa na kurudi kazini, steringi gani ameweza? Wasiwasi wangu ni nafasi: abiria wa Kasanga watawahi, na magunia yao ya dagaa hawatakubali kuyaacha.