Chaki Chini Kwanza: Kwa Vijana wa Ubaoni

Kila mashindano yakifika mechi za mwisho za makundi, pitia vibanda vya mpira hapa Tanga, Ngamiani mpaka Makorora: filimbi ya mwisho haijalia, kijana anayeandika msimamo wa kundi ubaoni ameshapiga hesabu ya mabao na kuizungushia duara timu "iliyofuzu". Wadogo zangu, kibanda kizima kinalala na msimamo wenu.

1. Jumlisha mabao ya kufunga ya kundi zima, kisha ya kufungwa. Yasipolingana, kuna matokeo umeyaandika upande mmoja tu.

2. Hapa ndipo mnapoumiza watu. Kwenye AFCON, Kombe la Mataifa ya Afrika, timu zikilingana pointi hatuanzi na tofauti ya mabao (ya kufunga kutoa ya kufungwa). Tunaanza na walipokutana wenyewe. Chukueni Kundi A, Angola 2010. Algeria ilipigwa 3-0 na Malawi, ikaifunga Mali 1-0, ikatoka 0-0 na Angola: pointi 4, tofauti -2. Mali ilitoka 4-4 na Angola, ikalala kwa Algeria, ikaifunga Malawi 3-1: pointi 4, tofauti +1. Mwenye haraka anaipeleka Mali robo fainali. Iliyokwenda ni Algeria, kwa lile bao moja. Kombe la Dunia la mwaka uleule lilianza na tofauti ya mabao. Kwa kanuni ile Mali ingepita. Ndiyo maana kanuni inasomwa kabla ya kushika chaki, kila mashindano, hata kama mwaka jana uliisoma.

Zikilingana tatu, futa matokeo ya timu ya nne, chora jedwali dogo. Kundi D mwaka huohuo: Zambia, Cameroon na Gabon, pointi 4 kila moja. Ondoa mechi za Tunisia: timu zote tatu zina pointi 3 na tofauti sifuri. Mabao ya kufunga ndiyo yaliyoamua: Zambia 4, Cameroon 3, Gabon 2. Gabon ikarudi nyumbani ilhali iliifunga Cameroon 1-0! Usichomoe mechi moja ukaziacha nyingine mbili.

3. Siku hizi makundi ni sita, na washindi wa tatu wanne bora nao hufuzu. Hao hawajakutana, kwa hiyo kwao ni pointi, tofauti, kisha mabao ya kufunga. Waachieni mistari sita chini ya ubao. AFCON 2023 Ivory Coast ilichapwa 4-0 na Guinea ya Ikweta, ikabaki na pointi 3 na tofauti -3, wengi wakaifuta. Ilisubiri mpaka kundi letu la Taifa Stars limalizike: Zambia ingepata hata sare kwa Morocco, Ivory Coast ilikuwa nje. Zambia ikalala 1-0, Ivory Coast ikapenya, ikabeba kombe. Mstari wa sita ukijaa, hapo sasa zungusheni duara.