Sauti ya gemu za DOS kushikwa na kigugumizi: acha bafa kwanza, sikiliza muziki

Mkuu, nimesoma maelezo yako mara mbili. Unacheza Doom, ile gemu ya risasi, ndani ya DOSBox 0.74 (programu inayoigiza kompyuta ya zamani ya DOS) kwenye laptopu. Menyu inalia safi, ila adui wakishajaa chumbani sauti inaanza kukwaruza na kukatikakatika, na muziki nao unakatika. Watu wakakwambia ongeza bafa, yaani sauti inayoandaliwa kabla ya kuchezwa, ukaongeza. Sasa kigugumizi kimepungua, lakini mlio wa bunduki unakuja wakati adui ameshalala chini.

Hapo ulipo nilishakaa wiki mbili nzima. Nilianza na blocksize (ukubwa wa bafa, ukihesabiwa kwa sampuli, yaani vipande vidogo kabisa vya sauti) ya 1024 kama ilivyokuja, nikapanda 2048, nikapanda 4096, nikaishia 8192. Piga hesabu uone nilichojifanyia: sampuli 8192 zikichezwa kwa kasi ya 44,100 kila sekunde ni kama milisekunde 186, yaani karibu moja ya tano ya sekunde. Kwa gemu ya kupanga karata usingejali. Kwenye gemu ya risasi ni sawa na kucheza na mtu anayekusimulia mambo yaliyokwisha kutokea. Na kukwaruza kwenyewe hakukuisha, kulikuwa kunapumzika tu.

Bafa ni akiba. Kama kila mwezi unatumia kuliko unachoingiza, akiba kubwa inasogeza mbele siku ya kufilisika, haiifuti. Kwa hiyo swali la kwanza ni kwa nini kipato hakitoshi.

Fungua gemu kwenye dirisha dogo, usiijaze skrini nzima, halafu tazama juu kabisa ya dirisha. Kuna maandishi yanayoanza na Cpu speed. Nina hakika yako inasoma max 100% cycles. Hiyo cycles ni idadi ya maagizo ambayo ile prosesa ya kuigiza inatekeleza katika kila milisekunde moja. Ukiona 3000, maana yake ni maagizo milioni tatu kwa sekunde. Mpangilio wa kawaida ni auto: gemu ndogo za zamani zinapewa hizo 3000, na gemu zinazotumia hali ya ulinzi ya prosesa (protected mode), Doom ikiwemo, zinaachiwa max, yaani kadiri kompyuta yako inavyoweza.

Sasa max ndiyo sumu yenyewe, na ajabu ni kwamba ndiyo ushauri wa kwanza utakaopewa kila mahali. Ukiweka max, DOSBox inakisia kila mara ni maagizo mangapi yanaweza kuingia ndani ya milisekunde moja ya kompyuta yako, kisha inajaribu kuyajaza yote. Chumba kikiwa kitupu, makisio yanakaa sawa. Adui ishirini wakitokea kwa mpigo, kazi inabadilika sura, makisio yanapitiliza, milisekunde moja ya gemu inachukua milisekunde moja na kitu ya kwako. Kadi ya sauti haisubiri mtu. Inadai sampuli zake kwa wakati, ikikuta hakuna, unasikia ule mkwaruzo. Na usitegemee kwamba una prosesa yenye vichwa (core) vinane: kazi yote nzito ya DOSBox inafanyika kwenye kichwa kimoja, vingine vinakaa vinatazama.

Upande wa pili upo pia, na hapa ndipo wengi wanachanganya. Ukiweka cycles chache mno, sauti nayo inaharibika, ila kwa namna nyingine. Mimi natofautisha kwa kusikiliza muziki, siyo risasi. Muziki wa gemu hizi kwa kawaida hutolewa na chipu ya Yamaha iliyokuwa kwenye kadi za AdLib na Sound Blaster, na gemu yenyewe inaituma tu: piga noti hii, zima ile. Cycles zikiwa chache, kompyuta yako halisi haijachoka hata kidogo, iliyochoka ni ile ya kuigiza. Kwa hiyo kila noti inatoka safi, lakini zinachelewa na mwendo unapwaya kama mpiga kinanda anayesinzia. Milio ya risasi na mayowe ndiyo inayojirudia, ta-ta-ta, kwa sababu gemu haiwahi kuandaa kipande kipya na kadi inarudia kile cha zamani. Cycles zikizidi, kompyuta yako halisi ndiyo iliyoelemewa, na hapo kila kitu kinakwaruza kwa pamoja, muziki na risasi. Wewe umesema muziki nao unakatika. Basi umezidisha.

Fanya hivi. Kwenye faili ya mipangilio, sehemu ya [cpu], futa auto uandike:

cycles=fixed 20000

Anza hapo kwa Doom. Kwa makadirio ya haraka, namba ya kama 25,000 inakukaribisha kwenye 486 ya megahezi 66, na gemu hii ya mwaka 1993 ilikwenda vizuri kwenye mashine za namna hiyo. Ingia kwenye chumba kile kile kinachokusumbua. Ukibonyeza Ctrl na F12 cycles zinapanda kwa asilimia 10, Ctrl na F11 zinashuka kwa asilimia 20, na namba inabadilika pale juu ukiwa unaitazama. Panda taratibu mpaka usikie mkwaruzo wa kwanza, kisha shuka mara mbili. Namba iliyobaki ndiyo yako, iandike kwenye faili. Kwangu mimi, kwenye laptopu kuukuu, ilikuwa 22000 na ushee. Kwako inaweza kuwa mara mbili ya hiyo, na usione aibu ikiwa chini.

Angalizo moja, maana lilinila jioni nzima: hakikisha unahariri faili sahihi. Gemu nyingi zinazouzwa zikiwa zimefungashwa na DOSBox huja na faili yao wenyewe ya mipangilio ndani ya folda ya gemu, na ile unayoifungua kutoka kwenye menyu ya DOSBox ni nyingine kabisa. Nilibadilisha namba mara kumi na tano hivi nikiapa kwamba nasikia tofauti. Hakuna kilichokuwa kinabadilika! Siku hizi kabla ya lolote naweka fullscreen=true. Gemu ikijaza skrini najua nimeshika faili yenyewe, nairudisha false na kuendelea.

Cycles zikishatulia ndipo uje kwenye sehemu ya [mixer]. Rudisha blocksize 1024 na prebuffer (milisekunde za sauti zinazowekwa akiba juu ya blocksize) 20. Ukisikia bado kuna kimkwaruzo cha mara mojamoja, nenda 2048 na prebuffer 40, uishie hapo. Kila blocksize ya 2048 ni milisekunde 46, sikio la kawaida linavumilia. Kama kompyuta yako ni dhaifu kweli, shusha rate (sampuli kwa sekunde) iwe 22050, na oplrate (ya ile chipu ya muziki) iliyo kwenye [sblaster] iwe hiyo hiyo. Milio ya Doom ilirekodiwa kwa 11025, kwa hiyo risasi hazipotezi kitu. Muziki ndio utafifia kidogo kule juu, kwa sababu chipu ile ya asili ilikuwa inatoa sampuli karibu 49,700 kwa sekunde. Ni biashara nzuri ukilinganisha na kukwaruza.

Kuna vitu vya nje ya DOSBox ambavyo ningevikagua siku hiyo hiyo. Laptopu ikiwa kwenye betri na mpango wa kubana umeme, prosesa inapunguzwa mwendo na namba uliyoipata ukiwa kwenye chaja haitafaa tena. Joto nalo ni vilevile: ukiona sauti ni nzuri dakika kumi za mwanzo halafu inaharibika huku feni inalia, tatizo ni vumbi, siyo mipangilio. Na kama umewasha scaler (kikuza picha) nzito kama hq3x ili picha ipendeze, izime uweke none au normal2x. Inakula kichwa kile kile cha prosesa kinachotengeneza sauti. Binafsi sijawahi kuona uzuri wake, zile sura za Doom zikilainishwa zinakuwa kama zimepakwa mafuta.

Nikutaje na ugonjwa mmoja unaofanana na huu lakini siyo huu, usije ukahangaika bure kwenye gemu nyingine. Ukisikia nusu sekunde ya kwanza ya mlio ikijirudia hivyo hivyo bila kukoma, hata ukishusha cycles, na gemu labda imeganda, hiyo ni IRQ, namba ya mlango ambao kadi hupitia kuiita prosesa. Gemu inasubiri kadi iiambie kipande kimekwisha, lakini inasubiri mlango usio wake. DOSBox inaiweka Sound Blaster kwenye anwani 220, IRQ 7, DMA (njia ya kupitisha data ya sauti) 1, wakati programu za kuseti za gemu nyingi zinakuja zimechagua IRQ 5. Fungua setup ya gemu, chagua 7, kwisha. Niliwahi kufuta na kupakia upya gemu nzima mara tatu kwa ajili ya hiyo namba moja.

Gemu zenye muziki wa kwenye diski ya CD zina yake pia. Ukisoma diski halisi, kila wimbo ukibadilika kuna kimya na gemu inasita wakati kiendeshi kinaamka. Tengeneza nakala ya diski yenye faili ya cue (orodha ya nyimbo za diski) na uipandishe kwa amri ya DOSBox iitwayo imgmount badala ya kutumia kiendeshi.

Badilisha kitu kimoja kwa wakati, anza na hiyo cycles. Ukimaliza weka hapa namba iliyobaki juu ya dirisha, useme na kama muziki bado unakatika au ni risasi peke yake.