Wadogo zangu, kope haichomwi kwa haraka

Juzi nimemkuta intani akivuta triamsinoloni, steroidi tunayochoma kwenye kivimbe cha kope, kutoka kwenye kichupa kilichotulia rafuni tangu asubuhi, bila kukitikisa. Nikamnyang'anya bomba. Mwezi huu ni wa tatu huyo. Basi sogeeni.

1. Dawa ile ni chembe zinazoelea majini, na hutuama. Usipotikisa, mgonjwa mmoja anapata maji, mwingine anapata chaki.

2. Chokea usiichome. Kope nyekundu, ya moto, inayouma ukiigusa, ina maambukizi. Ukichoma steroidi utakuwa unayapalilia. Kalazioni ni tezi ya mafuta iliyoziba, imekaa wiki kadhaa, haina maumivu makali. Hata hiyo, uliza kwanza kama amekanda kwa kitambaa cha maji moto, dakika 10 hadi 15, kila siku kwa wiki nne. Atasema amekanda. Alikanda mara mbili.

3. Geuza kope, choma kwa ndani. Hili nalijua kwa aibu. Nilikuwa bado mgeni kliniki, foleni imefika mlangoni, nikaletewa dada mwenye ngozi nyeusi nzuri na kivimbe kama punje ya dengu kwenye kope ya juu. Kisu anakiogopa. Kila nikisogeza klempu, kibanio cha kugeuzia kope, anafumba macho kwa nguvu zote. Nikajiambia, kwani lazima? Nikapitia ngozini, mililita 0.2 ya ile kali, miligramu 40 kwa mililita. Sekunde kumi, kazi imekwisha, na nilitembea siku nzima kifua mbele. Baada ya wiki mbili kivimbe kilikuwa kimenywea. Wiki ya sita akarudi amevaa miwani ya jua. Alipoivua, nikaona doa jeupe kwenye kope, pana kuliko kivimbe chenyewe. Akaniuliza taratibu, "Dokta, kile nilikificha kwa wanja. Hili nalificha na nini?" Sikuwa na jibu, maana sikuwa nimemwonya. Rangi ilirudi polepole, karibu mwaka mzima, na kila miadi nilimpiga picha isiyohitajika ili tu nisimtazame usoni.

Kwa hiyo doa litaje kabla hujashika sindano, hata ukipita ndani.

4. Ncha ilale sambamba na kope, kamwe isielekee jichoni. Sukuma polepole: chembe zikiingia mshipani zinaweza kufika kwenye retina, utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga.

5. Mwenye glaukoma, ugonjwa unaoharibu mshipa wa fahamu wa jicho, pima presha ya jicho kabla na baada. Na kivimbe kinachorudi palepale kwa mtu mzima, hasa nywele za kope zikiwa zinanyonyoka, kikatwe sampuli iende maabara, kwa sababu saratani ya tezi za mafuta hujifanya kalazioni. Nimewahi kumpokea mzee aliyechomwa mara tatu na madaktari watatu. Kwenye faili lake neno "kalazioni" limeandikwa mara tatu, kila mmoja amenakili kwa aliyemtangulia, na hakuna hata mmoja aliyeandika kwamba aligeuza kope.