Maswali na Majibu: Afande, Vaa Helmeti

Karibu kila barua safari hii inahusu vichwa vya makamanda, wale visanamu tunaowaunganisha na kuwapaka rangi kwa michezo ya vita ya mezani, na baadhi zinarudia yale yale niliyoyajibu kabla ya mvua kuanza. Ukiona swali lako limejibiwa kwa mstari mmoja, usinune. Ndivyo lilivyostahili.

*Ninajenga jeshi langu la kwanza la Space Marines, wale askari wa anga wenye deraya nzito wa mchezo wa Warhammer 40,000. Kapteni amekuja na vichwa viwili, kimoja cha helmeti, kingine wazi. Nimpe kipi? (Mgeni wa Meza, Jinja)*

Helmeti.

Najua utaniambia kichwa wazi kinapendeza zaidi kupaka rangi. Kweli kinapendeza. Mchongaji amemaliza ufundi wake wote pale: kovu la shavuni, taya limekazwa, mdomo wazi anafoka. Tena uso ndio unaouza boksi. Lakini hebu mtazame kuanzia shingoni kushuka chini. Amevaa deraya yenye mota ndani, mabega yamemzidi upana, na kwa masimulizi ya mchezo wenyewe helmeti ndiyo yenye hewa yake, redio yake na kioo cha kulengea shabaha. Vyote hivyo amevikubali, kisha sehemu ambayo mdunguzi ataitafuta kwanza ameiacha ipigwe upepo, kwenye sayari ambayo pengine hata huo upepo haina. Ni yule dereva wetu wa boda aliyening'iniza helmeti kwenye usukani, anaivaa akiona trafiki.

Utetezi mmoja tu wa kichwa wazi ndio ninaouheshimu. Mwaka 1066, kwenye vita vya Hastings huko Uingereza, ilienea habari kwamba William wa Normandy ameuawa, watu wake wakaanza kurudi nyuma. Akainua helmeti ili wamwone uso. Tukio hilo limedariziwa kwenye kitambaa cha Bayeux, na ukikiangalia utaona wazi kwamba ameisukuma nyuma kwa mkono, hakuiacha nyumbani. Kwa hiyo ukitaka uso wa kapteni wako uonekane, basi helmeti iwe kwapani au kiunoni. Nikiiona imefungwa kiunoni nitajua angalau mtu huyu anayo.

Na wanaosema shujaa haogopi mshale: mwaka 1403, kwenye vita vya Shrewsbury, Henry mwana wa mfalme wa Uingereza alipigwa mshale usoni akiwa na miaka 16. Alipona kwa sababu tabibu John Bradmore alibuni chombo maalumu cha kuchomoa ile ncha iliyobaki ndani. Msiniandikie kwamba Space Marines wana Apothecary, tabibu wao wa vitani. Najua wanaye.

*Je, kanuni zinampunguzia kamanda kinga akiwa hana helmeti? (Mbarara)*

Hapana. Kinga inasomwa kwenye karatasi ya kikosi, haisomwi kichwani. Soma karatasi kabla ya kuandika barua.

*Mzee, kama wote wamevaa helmeti, mpinzani wangu atamjuaje kiongozi? Tulicheza Jumapili tukapoteza muda mwingi tukibishana nani ni sajini. (Kijana wa Arua)*

Hili ndilo swali la maana kuliko yote, kijana wangu, na wengi wanaovua helmeti hujificha nyuma yake. Hebu simama upande wa pili wa meza, hatua moja tu nyuma. Kisanamu cha milimita 28 kina kichwa kinachotoshana na punje ya hindi. Kutoka hapo huoni macho, huoni kovu, huoni chochote ulichokesha ukikipaka. Unaona rangi, umbo na urefu. Sasa niambie uso unasaidia nini katika kutambulisha cheo.

Majeshi ya zamani yalilijua hili, wala hayakumvua mtu kofia. Senturioni, yaani akida wa Kirumi, alivaa shungi lililokaa kingamo, kutoka sikio hadi sikio, askari aliye nyuma yake akaliona katikati ya vumbi. Samurai wenye cheo waliweka pembe na nembo kubwa kwenye paji la helmeti. Hata hao watengenezaji wa Warhammer wanalijua: kwa utaratibu wa Ultramarines, kundi mojawapo la Space Marines, sajini huvaa helmeti nyekundu na mkongwe huvaa nyeupe. Jibu la ubishi wenu wa Jumapili lipo kwenye kopo la rangi nyekundu. Halafu wachongaji wao hao hao wanaleta sajini kichwa wazi, ile helmeti nyekundu hujui ameiacha kwa nani!

Kama jeshi lako si la Ultramarines, chagua alama moja uishikilie kwa viongozi wote: shungi, mstari mweupe katikati ya helmeti, bendera ndogo mgongoni, au jiwe chini ya mguu ili asimame juu kidogo ya wenzake. Alama moja. Nimeona jeshi ambalo kila kiongozi ana mapambo yake tofauti, na mwenye jeshi mwenyewe akawa anachungulia chini ya vitako vya visanamu kutafuta majina.

*Lakini Afande, majenerali wa kweli mbona huvaa kofia laini tu? Montgomery alivaa bereti. (Askari mstaafu, Bombo)*

Shikamoo mzee. Ni kweli, Montgomery, yule jenerali wa Uingereza wa Vita Kuu ya Pili, alivaa bereti nyeusi ya vifaru yenye beji mbili, na alikusudia askari wamtambue kwa mbali. Ila kazi yake haikuwa kukimbia mbele ya kikosi na upanga. Wewe uliyetumikia unajua kuliko mimi kwamba mwenye cheo akifika mstari wa mbele, alama zinazong'aa hufichwa na saluti husimamishwa. Admirali Nelson wa Uingereza alipanda sitahani pale Trafalgar mwaka 1805 na nishani zake kifuani, risasi ikamfuata kutoka mlingoti wa meli ya Kifaransa, Redoutable. Kamanda anayekaa nyuma na ramani mpe bereti, sina ugomvi naye. Ugomvi wangu ni na huyu anayeruka ukuta akifoka.

*Vipi kuhusu Orki? (Mbarara, tena)*

Orki, yale majitu ya kijani ya Warhammer, huongoza kwa ukubwa wa mwili. Mwache na kichwa chake.

*Binti yangu ameniuliza kwa nini makamanda wote wenye nyuso kwenye boksi ni wazee weupe wenye makovu. Nikampaka mmoja awe mtu wetu, akatoka kijivu kama mgonjwa. Nimekosea wapi? (Mama wa Ntinda)*

Mama, msalimie binti, ana jicho. Kosa lako ni la kila mtu anayefuata mafunzo yaliyotungwa kwa ngozi nyeupe: uliongeza nyeupe kwenye kahawia ili kupata mwanga, na nyeupe ikaleta jivu. Anza na kahawia iliyoiva, weka wino mwembamba wa kahawia nyeusi kwenye mikunjo, kisha panda juu kwa kuchanganya rangi ya udongo mwekundu au ya chungwa iliyofifia. Mwanga wa mwisho uwe kitone kwenye ncha ya pua, kwenye shavu na juu ya nyusi. Mdomo wa chini uguse kidogo kwa waridi iliyokolea. Jifunze kwanza kutoka kwenye kiganja cha mkono wako. Kitazame dirishani uone nyekundu iliyomo.

Na usidanganywe kwamba Salamanders, kundi jingine la Space Marines, ndio watu wetu. Weusi wao ni wa makaa, na macho yanawaka mekundu, ni jambo la kijenetiki ndani ya hadithi. Ukipaka hivyo unapata Salamander, hupati mjomba.

Kwa huyu kamanda wako, kwa ajili ya binti, nimeruhusu kichwa wazi. Huyu mmoja. Helmeti iwe kiunoni.

*Nimeshagundisha kichwa wazi na sasa nimejuta. (Entebbe)*

Ulitumia gundi ipi? Hukusema, na hakuna anayesema. Kama ni supaglu, weka kisanamu kwenye friza saa chache. Baridi huifanya iwe kavu na dhaifu, ukikizungusha kichwa kwa nguvu ya wastani kitakatika. Kama ni gundi ya plastiki, ile inayeyusha plastiki mbili zikawa moja, na friza haitakusaidia kitu. Chukua msumeno mwembamba wa sonara, kata shingoni polepole, ukielekeza makali mbali na kidole gumba.

*Nikiweka sumaku shingoni si nitabadilisha vichwa nipendavyo? (Kisenyi)*

Utaweza. Toboa shingo na kichwa, tumia sumaku za milimita 2, na uweke alama ya wino upande unaovutana kabla ya gundi, la sivyo kichwa kitaruka kila ukikisogeza. Sasa sikiliza ambalo hukuuliza: kama nyumbani kuna mtoto anayetambaa, achana na sumaku kabisa. Mtoto akimeza mbili, zinavutana kupitia kuta za utumbo na kuutoboa. Ukishuku tu kwamba amemeza, kimbia hospitali, usisubiri atoe choo.

*Praima ya magari, ile rangi ya kwanza ya kushikisha nyingine, inafaa? (Kisekka, Wandegeya, Gulu, na wengine ambao nimechoka kuwataja)*

Jaribu kwanza kwenye fremu tupu ya plastiki, ile uliyokatia vipande. Isipoyeyuka, puliza tabaka jembamba siku kavu. Wakati wa mvua usipulize, rangi itakauka ikiwa na vumbi-vumbi.

*Vichwa vya helmeti vya ziada nitavipata wapi? (Mgeni wa Meza, Jinja, amerudi)*

Kwa wenzako. Maboksi mengi ya vikosi yana vichwa vingi kuliko miili, na wenye tamaa ya nyuso wametupa helmeti zao kwenye makopo ya siagi. Omba, au badilishana. Ukiamua kuchapisha kwa printa ya resini, vaa glavu, osha kwa spiriti, kausha kwa taa yake, na usipige msasa bila barakoa. Na uchapishe za kutosha kikosi kizima, maana sajini wako naye nimemwona kwenye picha uliyoambatisha.