Usimwambie dereva "Baiyun": kwa anayekwenda Guangzhou peke yake

Mkuu, nimesoma uzi wako mara mbili. Umeuliza mambo sita: ulale wapi Guangzhou, ule nini, laini ya simu, usalama wa usiku, siku zako tatu za bure uzitumieje, na kama kuna haja ya mkalimani. Halafu katikati, kama mtu anayetaja hali ya hewa, umeandika: "Hoteli ipo Baiyun, nikipotea nitamwambia dereva wa teksi Baiyun, mwenyeji wangu kasema panajulikana." Hapo ndipo chai iliponipalia.

Panajulikana! Hilo neno lilinigharimu kama milioni moja.

Ngoja nikueleze Baiyun ni nini. Maana yake ni mawingu meupe. Kwanza ni mlima, watu wa Guangzhou wanaupanda wikiendi. Pili ni wilaya ya jiji, karibu kilomita za mraba 800. Tatu ni uwanja wa ndege wa kimataifa, ule ule utakaoshukia. Nne ni soko la mabegi ya ngozi kule Sanyuanli ambalo akina mama wa Kariakoo wanalijua kuliko mimi. Tano ni hoteli kongwe ya ghorofa 33 iliyojengwa 1976, ipo barabara ya Huanshi Mashariki, mbali kabisa na hoteli yako. Kuna kituo cha treni ya chini ya ardhi kinaitwa Bustani ya Baiyun, na Desemba 2023 wakafungua stesheni kubwa ya treni, wakakaa chini wakatafuta jina jipya, wakaiita nini? Malizia mwenyewe.

Ni sawa na mgeni ashuke stendi ya Mbezi, amshike bodaboda, amwambie "Kilimanjaro". Mlima? Mkoa? Uwanja wa ndege? Ile hoteli ya Posta? Maji ya kunywa? Bodaboda wa kwetu atawaza kidogo kisha atampeleka baa, na hakuna wa kumlaumu.

Mimi nilikwenda Oktoba 2019, mara yangu ya kwanza, peke yangu. Kabla ya safari nililipa laki moja na nusu kwa jamaa mmoja anayejiita mzoefu wa China, anafundisha wageni kwenye kundi la WhatsApp. "Darasa" lenyewe lilikuwa sauti za dakika mbili mbili alizorekodi akiwa kwenye foleni, nasikia honi za daladala nyuma. Nikamuuliza hasa hilo unalouliza wewe: nikipotea je? Akajibu: "Wewe sema Baiyun tu, hata kipofu anapajua. Na kila kitu kipo kwenye simu, usibebe makaratasi kama mzee wa kijijini." Nimeyakariri hayo maneno kama shairi la darasa la nne. Nikikutana naye njiani nitamsomea.

Siku ya mwisho mzigo wangu ulikuwa umeshakabidhiwa kwa ajenti. Ndege saa sita na nusu usiku. Nikakabidhi chumba saa sita mchana, begi nikaliacha mapokezi, na pasipoti nikaisukumia humo humo ndani ya begi ili nisiipoteze mjini. Ona akili hiyo. Gari la ajenti likanishusha kisiwa cha Shamian likaondoka zake.

Na nikwambie ukweli, mchana ule ulikuwa mtamu. Shamian ndipo Waingereza na Wafaransa walipokuwa na makazi yao zamani, kwa hiyo majumba ni ya kizungu lakini wazee wanaocheza karata chini ni wa pale pale. Ile mikuyu ya Kichina yenye mizizi inayoning'inia kama ndevu imefunika barabara nzima. Kila baada ya hatua ishirini unamkuta bibi harusi na gauni jeupe, mpiga picha amelala chini, na msaidizi anarusha shela hewani kisha anakimbia kutoka kwenye picha. Niliona yule yule akirusha mara tisa. Bwana harusi alikuwa anakula soseji ya kwenye kijiti, kaishika nyuma ya mgongo kila wanapohesabu tatu. Nikapiga picha. Nikapiga video. Nikatembea hadi barabara ya Beijing, ile ambayo katikati wameweka vioo na chini yake unaona matofali ya barabara za karne zilizopita, watu wanapita juu na aiskrimu. Nikapiga tena. Jioni nikafika ukingo wa mto Zhujiang, mkabala na mnara wa Canton, mita 600, unabadilika rangi kama kinyonga. Video ya dakika kumi na moja nzima. Simu ikabaki asilimia tisa.

Sikuogopa. Kila duka pale lina kisanduku cha pawabanki za kukodi. Nikaingia la kwanza. Kumbe ili ukodi chaji ya simu lazima uskani kwa simu yenye chaji, ukiwa na akaunti ya malipo ya Kichina, ambayo wakati ule mgeni mwenye kadi ya benki ya nje hakuwa nayo. Nikanyoosha noti ya yuani mia. Dada wa dukani akaitazama kama nimempa hirizi. Simu ikazima mkononi mwangu pale pale kaunta.

Saa mbili usiku. Jina la hoteli lilikuwa kwenye simu. Anwani ilikuwa kwenye simu. Namba ya ajenti, kwenye simu. Kichwani nilibakiwa na neno moja, lile la laki moja na nusu.

Nikasimamisha teksi. "Baiyun." Dereva akaniuliza kitu. Nikarudia kwa sauti ya juu, maana ndivyo tunavyodhani lugha inafanya kazi: "BAIYUN! HOTEL!" Mzee wa watu akageuka, akatandaza mikono yote miwili, akaiyumbisha kushoto na kulia kama mtoto anayecheza ndege, akapuliza mdomo: vuuu.

Mkuu, mimi nilielewa ananiuliza kama nimekuja kwa ndege. Nani China hajafika kwa ndege? Nikacheka, nikaitikia kwa kichwa. Nikamwonyesha dole gumba.

Gari lilikwenda. Taa nzuri, barabara nzuri, nikafungua dirisha. Baada ya dakika kama ishirini nikaona majengo yanapungua. Baada ya hapo nikaona kibao cha kijani chenye mchoro wa ndege. Nikampigapiga bega, "no, no, hotel," naye akaonyesha mbele kwa fahari, akaongeza mwendo. Alikuwa ananiwahisha! Mzee yule alikuwa mwema kuliko mzoefu wangu mara mia. Akanishusha mlango wa wanaoondoka, yuani 140, akanipungia mkono.

Nikasimama uwanja wa ndege wa Baiyun, saa tatu usiku, ndege yangu ipo kwenye ubao, namba yake ninaiona kabisa, na sina begi wala pasipoti. Sijui vilipo. Nilikuwa na begi dogo la mgongoni lenye chupa ya maji nusu na jozi tatu za soksi nilizonunua barabara ya Beijing kwa sababu zilikuwa bei rahisi. Mtu wa kwanza kufika mapema uwanjani kwa ajili ya kuchelewa.

Dawati la maelezo palikuwa na binti anaongea Kiingereza cha kutosha. Akanichajia simu. Ikawaka. Nikafungua barua pepe niliyotumiwa na hoteli: Gmail haifunguki. WhatsApp: kimya. Nilikuwa nimenunua laini ya Kichina siku ya kwanza ili nibane matumizi, na kwa laini yao huduma za Google na WhatsApp zimefungwa. Ajenti nikampigia, hapokei, alikuwa ameshalala mtu wa Mungu. Binti akauliza hoteli inaitwaje. Baiyun, nikasema, na sasa nilikuwa nasema kwa aibu. Akaandika kwenye kompyuta, akanigeuzia kioo. Orodha ilishuka, ikashuka, ikashuka.

Akafikiri kidogo. Akaniambia: toa kila kitu mfukoni.

Nikamwaga kaunta. Shilingi elfu tano ya kwetu, tokeni ya treni ya plastiki niliyonunua nikasahau kuitumia, kadi za maduka ya mabegi, na kikaratasi chembamba cha rangi ya waridi kilichokunjwa mara nne, ambacho mimi nilikuwa nakiona kama takataka: stakabadhi ya yuani 200 za dhamana niliyolipa mapokezi siku nimefika. Chini kulia kuna muhuri mwekundu wa duara, herufi za Kichina zimezunguka ukingoni. Binti akaweka kidole kwenye muhuri, akakizungusha taratibu kama anasoma saa. Akainua macho. Akaanza kucheka, akajiziba mdomo, akaomba radhi, akacheka tena.

Jina kamili la hoteli. Lilikuwa mfukoni mwangu wakati nampungia dereva. Lilikuwa mfukoni wakati napiga video ya mnara. Kikaratasi.

Ya baadaye hayana ladha. Teksi kurudi mjini, foleni, mapokezi hawaoni begi, wameliona, teksi kurudi uwanjani. Nikafika saa sita kasoro dakika kumi, kaunta imefungwa, ndege bado ipo chini naiona kwa dirishani. Kubadili tiketi dola 310, safari iliyofuata ni baada ya siku mbili, hoteli tena, teksi tatu. Nilipomlalamikia mzoefu wangu akanitumia sauti ya dakika mbili: "Ulikosea matamshi." MATAMSHI! Kichina kina sauti za kupanda na kushuka, sawa, nakubali, lakini dereva alisikia Baiyun vizuri kabisa, na Baiyun alinifikisha. Kasoro haikuwa mdomoni.

Kwa hiyo sikia. Ukifika mapokezi, kabla hujapewa ufunguo, omba kadi ya hoteli yenye jina na anwani kwa herufi za Kichina. Karatasi ya kushika mkononi. Chukua mbili, moja mfukoni, moja ndani ya soksi kama pesa ya minadani. Jina la Kiingereza la hoteli usilitegemee. Mara nyingi ni la kupachika tu, halifanani na la Kichina hata kwa mbali, na dereva hajawahi kulisikia. Hata ukiliandika kwa herufi zetu, madereva wengi hawatakuelewa. Usiku huo huo uliofika, toka nje, piga picha kibao cha hoteli na kituo cha treni kilicho karibu, halafu hiyo picha usiitegemee.

Najua kuna mtu atakuja hapa chini kuniambia siku hizi mambo yamebadilika, tangu 2023 unaunganisha kadi yako ya benki na Alipay au WeChat, unaita teksi kwa programu, ramani zao zinaonyesha kila kitu. Kweli kabisa. Vyote hivyo vipo wapi? Kwenye simu. Haya, simu ikizima?

Na huyo mwenyeji wako aliyekwambia panajulikana, muulize yeye mwenyewe alipotea lini mara ya mwisho. Mtu ambaye kila siku anachukuliwa na gari la kiwandani hawezi kukufundisha kupotea.

Eh, maswali yako. Chakula: tafuta vibao vya kijani vyenye maandishi 清真, ni halali, bakuli la tambi za kuvutwa kwa mkono unashiba mpaka usiku, na mtaa wa Xiaobei utakuta Waafrika wenzako na wali wa kueleweka. Kama wewe ni mtu wa swala, Ijumaa nenda Huaisheng, ni kati ya misikiti ya zamani kabisa China, ina mnara wa mita 36 mweupe kama mshumaa. Usalama wa usiku sikuona tatizo, isipokuwa pikipiki za umeme, hazina sauti na zinapita juu ya njia ya miguu. Bei za hoteli hupanda wakati wa maonesho ya biashara ya Canton, yale ya Oktoba yanaanza tarehe 15, lipia mapema. Ukialikwa kulala kwa rafiki badala ya hotelini, unatakiwa kujiandikisha polisi ndani ya saa 24, usipuuze. Laini ya simu, mwingine akujibu, mimi nikianza hapo hasira zinarudi.

Mkalimani nilikuwa nataka kusema kitu, nimesahau.

Weka hapa picha ya uthibitisho wa hoteli yako, ufiche namba zako. Nataka nione kama popote pale kuna herufi moja ya Kichina.