Zege la nguvu kubwa lihesabie joto, usihesabu siku tu

Tunaojenga Tabora tunaijua Oktoba: jua kali, hewa kavu, mvua bado. Ukimwaga zege la megapaskali 60 (kipimo cha nguvu ya zege) hali ikiwa hivyo, kisha ukapanga kufungua maboksi, yaani mbao zinazolishikilia hadi likaze, kwa kutazama kalenda, unabahatisha. Kasi ya sementi kukomaa inaendeshwa na joto na unyevu.

Kabla ya kufunga boksi la nguzo, funga waya wa kipimajoto kwenye nondo, ncha yake ifike katikati. Ukishamwaga, andika joto kila nusu saa, kisha tumia hesabu ya Saul ya mwaka 1951: zidisha nyuzi kwa saa, jumlisha. Mimi nahesabu nyuzi kuanzia sifuri. Vipande vya zege vya majaribio vilivyolala kwenye tangi la maji la nyuzi 23 kwa saa 72 vinapata 1,656. Nguzo nene yenye wastani wa nyuzi 45 inafika hapo baada ya saa 37 hivi. Ili namba hiyo igeuke kuwa nguvu, lazima uwe umeshavunja vipande vya mchanganyiko huohuo kwa umri tofauti ukachora mchoro wake. Mchoro wa saiti nyingine haufai.

Hesabu ya Arrhenius, inayoona kasi ya sementi ikipanda haraka zaidi joto linapopanda, ukiiwekea nishati ya kuamsha mmenyuko ya kilojuli 40 kwa moli, itakuambia saa 24 tu zinatosha badala ya 37. Kwenye joto hili Saul anachelewa, na kwa kufungua maboksi napenda achelewe.

Ila hesabu zote mbili usizitumie kukisia nguvu ya siku ya 28, umri ambao zege hupimiwa kwa kawaida. Zege lililopata joto kali mwanzoni huwahi kupata nguvu, halafu baadaye huzidiwa na lile lililokomaa taratibu. Ndiyo maana nawasihi mafundi tumwage jioni, kokoto zikae kivulini, na katikati ya nguzo pasizidi nyuzi 70.

Na maji? Uwiano wa maji na sementi ukiwa 0.30, zege hunyonya maji yake lenyewe kwa ndani, likasinyaa na kupasuka mapema. Maji ya nje hayapenyi mbali, kwa hiyo kungoja kesho asubuhi ndipo umwagilie ni kuchelewa. Kwenye slabu, mng'ao wa maji ukipotea tu juu, funika nailoni, na likishakaza weka magunia yaliyolowa. Upepo wa mchana usilikute wazi.